Namna ya Kusoma Utafiti Mpya wa Tiba: Tafuta Idadi ya Watu Nyuma ya Kila Asilimia

Habari za utafiti wa tiba hutufikia karibu kila wiki zikiwa zimeshafupishwa mara kadhaa: watafiti wameandika makala, jarida limetanguliza ikisiri, yaani muhtasari wa makala, chuo kimetoa taarifa kwa vyombo vya habari, na mwandishi ameteua sentensi moja ya kuwa kichwa cha habari. Katika kila hatua kitu kimoja huelekea kupotea, nacho ni idadi ya watu: wangapi walipewa dawa, wangapi hawakupewa, na wangapi katika kila upande walipona, waliugua au walifariki. Mwongozo huu unaeleza jinsi msomaji asiye daktari wala mtakwimu anavyoweza kuirudia makala yenyewe na kuzitafuta namba hizo. Kazi hii haihitaji hisabati zaidi ya kutoa na kugawanya, ila inahitaji subira, na subira hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu mtu anayeanza au kuacha dawa kwa kufuata kichwa cha habari anaweza kujidhuru vibaya.

Ipate makala yenyewe

Habari iliyoandikwa vizuri hutaja jina la jarida au la jaribio. Liandike jina hilo katika PubMed, orodha ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambako ikisiri husomwa bila malipo. Makala nyingi nzima zinapatikana pia bure katika PubMed Central. Ukishaipata, tambua kwanza ni makala ya aina gani. Kama ilifanyika kwa panya au kwa seli katika maabara, haijasema lolote bado kuhusu mgonjwa, hata kama matokeo yake yanatia moyo kiasi gani. Kama ni nakala ya awali, yaani iliyowekwa mtandaoni kabla ya kukaguliwa na wataalamu wengine wa fani hiyo, isome ukijua kwamba namba zake zinaweza kubadilika.

Usianzie kwenye hitimisho. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, kisha kwenye majedwali, na hitimisho ulisome mwisho ili uone kama linalingana na ulichokwisha kukiona kwa macho yako.

Uliza: walilinganishwa na nani, na nani aliwagawa?

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila dawa yoyote, na wengine huzidiwa hata wanapopewa dawa nzuri. Kwa hiyo kundi moja peke yake halithibitishi kitu. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la streptomisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu. Wote walipumzishwa kitandani, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya wakati huo, lakini 55 kati yao waliongezewa dawa, na aliyepaswa kuipata aliamuliwa kwa bahati nasibu. Ndani ya miezi sita walifariki 4 kati ya 55 waliopewa dawa na 14 kati ya 52 ambao hawakupewa. Namba hizo nne zinatosha kuelewa jaribio zima, na ndizo unazopaswa kuzitafuta katika kila makala utakayosoma.

Mgawanyo wa bahati nasibu una umuhimu kwa sababu mtu anayejichagulia dawa hutofautiana kwa mambo mengi na asiyeichagua. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia maisha ya wanawake zilionyesha kwamba waliotumia homoni baada ya ukomo wa hedhi waliugua moyo kwa uchache, na madaktari wengi wakaamini kwamba homoni zinaulinda moyo. Jaribio la Women's Health Initiative la Marekani liliwagawa wanawake 16,608 kwa bahati nasibu kati ya mchanganyiko wa estrojeni na projestini na kidonge kisicho na dawa, kisha likasimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2002, kwa kuwa madhara yalizidi faida. Ugonjwa wa moyo haukupungua katika kundi la homoni, uliongezeka. Wanawake wa tafiti za awali waliojichagulia homoni kwa kawaida walikuwa tangu mwanzo na afya na kipato bora kuliko wenzao, na tofauti hiyo ikahesabiwa kuwa kazi ya dawa. Kwa hiyo unapokuta maneno kama "unahusishwa na" katika utafiti ambao haukugawa watu kwa bahati nasibu, usiyageuze kichwani mwako yakawa "unasababisha".

Jaribio hilohilo linafundisha pia kusoma asilimia. Hatari ya saratani ya matiti iliongezeka kwa asilimia 26, namba inayotisha ikisimama peke yake. Kwa idadi ya watu, wagonjwa wapya waliongezeka kutoka 30 hadi 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Taarifa zote mbili ni za kweli, lakini ni ya pili pekee inayomwezesha mwanamke kupima uzito wa jambo lenyewe, na kwa maoni yangu makala inayotangaza ya kwanza bila ya pili haijamtendea haki msomaji.

Jedwali moja kwa ukaribu

Sehemu hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Tuchukue jaribio la RECOVERY, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza mwaka 2020, ambalo lilipima kama deksamethasoni, dawa ya zamani ya kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, ingeokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa hospitalini. Wagonjwa 2,104 walipangiwa miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, na 4,321 walipangiwa huduma ya kawaida peke yake. Makundi hayalingani kwa ukubwa kwa sababu mgawanyo ulipangwa hivyo tangu mwanzo. Kwa hiyo usilinganishe idadi ya vifo moja kwa moja, bali gawanya kwanza. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki 482 katika kundi la dawa, sawa na asilimia 22.9, na 1,110 katika kundi lingine, sawa na asilimia 25.7. Toa: tofauti ni karibu vifo 3 kwa kila wagonjwa 100.

Sasa shuka hadi mahali wagonjwa walipotenganishwa kwa hali yao ya kupumua. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, walifariki 95 kati ya 324 waliopangiwa dawa, yaani asilimia 29.3, na 283 kati ya 683 ambao hawakupangiwa, yaani asilimia 41.4. Tofauti ni 12.1. Ukigawanya 100 kwa 12.1 unapata takribani 8, maana yake ni kwamba kwa kila wagonjwa wapatao 8 wa namna hiyo waliopewa dawa, kifo kimoja kilizuiwa. Miongoni mwa waliohitaji oksijeni bila mashine, vifo vilikuwa asilimia 23.3 kwa waliopangiwa dawa na 26.2 kwa wasiopangiwa, na hesabu ileile inakupa wagonjwa wapatao 34 kwa kila uhai mmoja uliookolewa. Kisha tazama mstari wa tatu, ambao vichwa vya habari viliupita haraka: miongoni mwa wasiohitaji oksijeni kabisa, walifariki 89 kati ya 501 waliopangiwa dawa, sawa na asilimia 17.8, na 145 kati ya 1,034 wasiopangiwa, sawa na asilimia 14.0. Hapo hakuna faida iliyoonekana. Aliyesikia tu kwamba deksamethasoni inaokoa maisha, akaanza kuinywa nyumbani kwa homa na kikohozi chepesi, alitumia matokeo ya wagonjwa wasiofanana naye.

Pembeni mwa namba hizo utaona uwiano wa vifo kati ya makundi mawili ukifuatiwa na namba mbili, kwa mfano 0.64, kisha 0.51 hadi 0.81 kwa wagonjwa wa mashine. Uwiano wa 1 maana yake makundi hayakutofautiana. Chini ya 1, waliopewa dawa walifariki kwa uchache. Namba mbili zinazofuata ni ukingo wa chini na wa juu wa makadirio, na hapa zote ziko chini ya 1. Kwa wasiohitaji oksijeni uwiano ulikuwa 1.19, na kingo zake 0.92 na 1.55. Kwa kuwa zinaivuka 1, data hiyo haiwezi kutofautisha madhara na bahati tu, lakini kwa hakika haitoi sababu ya kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa. Uchambuzi huu wa makundi madogo unaaminika zaidi kwa sababu watafiti walikuwa wameupanga kabla ya kuyaona matokeo. Kundi dogo lililogunduliwa baadaye, baada ya jaribio zima kukosa faida, lichukuliwe kama swali la utafiti mwingine.

Angalia kilichopimwa

Kifo, kiharusi na kuvunjika kwa mfupa ni mambo ambayo mgonjwa huyahisi yeye au familia yake. Kiwango cha kitu fulani katika damu, au mchoro wa mapigo ya moyo, ni ishara tu, na ishara inaweza kutengemaa huku mgonjwa akiangamia. Baada ya mshtuko wa moyo, watu wenye mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio hufariki zaidi. Kwa hiyo ilionekana busara kuwapa dawa za kuyazima mapigo hayo. Enkainidi na flekainidi ziliyazima vizuri. Jaribio lililoitwa CAST lilipohesabu vifo vyenyewe, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba katika muda wa wastani wa miezi 10 walifariki 63 kati ya 755 waliopewa dawa hizo, na 26 tu kati ya 743 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kila unaposoma kwamba dawa mpya "imeboresha" kipimo fulani, tafuta mstari wa vifo na wa madhara makubwa kabla ya kufurahi.

Jambo linalofanana na hilo ni sifuri. Mwaka 2024 jaribio la PURPOSE 1 lilipima lenakapaviri, sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano hakuna aliyeambukizwa, ilhali katika makundi mawili ya vidonge vya kila siku waliambukizwa 39 kati ya 2,136 na 16 kati ya 1,068. Ni matokeo ya kufurahisha kwa kweli. Hata hivyo sifuri katika sampuli haina maana kwamba hatari haipo kabisa. Kanuni rahisi ni kugawanya 3 kwa idadi ya washiriki, na hapo unapata takribani 1.4 kwa kila watu 1,000 kama ukingo wa juu kwa muda uliofuatiliwa. Kumbuka pia kwamba washiriki wote wa jaribio hilo walizaliwa wa kike. Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume lilihitajika jaribio lingine, PURPOSE 2, ambamo waliambukizwa 2 kati ya 2,179 waliochomwa sindano hiyo.

Kabla ya kuamini, na kabla ya kumwendea daktari

Majaribio mengi huandikishwa kabla ya kuanza, na makala hutaja namba ya usajili, mara nyingi ikianza na herufi NCT. Iandike katika ClinicalTrials.gov, tovuti ya usajili wa majaribio, kisha linganisha kigezo kikuu cha kupimwa kilichoahidiwa humo na kilichotangazwa katika makala. Vikitofautiana bila maelezo, punguza imani yako. Soma ni nani aliyegharamia utafiti. Tazama pia kama makala imeondolewa na jarida: utafiti mdogo wa Kifaransa uliosifu haidroksiklorokwini kwa UVIKO-19 ulichapishwa Machi 2020, lakini uliondolewa rasmi Desemba 2024 tu, ilhali RECOVERY lilikuwa limeonyesha tangu Juni 2020 kwamba dawa hiyo haipunguzi vifo.

Ukiona matokeo yanakuhusu, usibadilishe dozi wala kuacha dawa kwanza. Andika karatasini namba nne ulizozikuta, nani walioshiriki, na nani walioachwa nje. Kwa mfano, jaribio la SPRINT la mwaka 2015, lililohusu watu 9,361 wenye shinikizo la juu la damu, lilionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya shinikizo hilo chini ya 120 badala ya chini ya 140 kulipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kutoka asilimia 2.19 hadi 1.65 kwa mwaka, lakini kuzirai na matatizo ya figo viliongezeka, na wagonjwa wa kisukari pamoja na waliowahi kupata kiharusi hawakuandikishwa. Mwenye kisukari akimpelekea daktari karatasi hiyo ana swali mahususi la kuuliza: kwa umri wangu, figo zangu na kisukari changu, hatari yangu ya mwaka ni asilimia ngapi leo, na ni utafiti gani uliowapima watu walio kama mimi?