Fomu za Uhamiaji Haziuzwi: Ukiwa Marekani, Anzia Maktaba

Ndugu yangu, fomu za Uhamiaji wa Marekani ni bure. Unacholipa ni ada ya maombi, na ada hiyo huenda serikalini moja kwa moja.

Mimi nilitozwa pesa na tovuti yenye bendera na picha ya tai, kwa fomu ya kuomba uraia, N-400. Kumbe toleo lenyewe lilikuwa la zamani, bahasha nzima ikarudishwa. Tazama chini ya kila ukurasa: kuna tarehe ya toleo kwa herufi ndogo. Ilinganishe na iliyotajwa na Uhamiaji wenyewe, na kurasa zote ziwe za toleo moja. Tovuti isiyoishia na .gov, ifunge, hata kama kaileta shemeji kwenye kundi la familia. Shemeji, tunajua mnatutakia heri, lakini hapa Marekani si kama nyumbani, hakuna vijana wa kuuza fomu nje ya geti la ofisi. Msitutumie viungo msivyovikagua.

Kimbilio ni maktaba. Tangu karne ya 19 machapisho ya serikali kuu hupelekwa kwenye maktaba teule; leo ni zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa vyuoni. Sheria inataka umma uyatumie bure, hata chuo kikiwa cha binafsi. Mlinzi akikuuliza, mwambie umekuja kusoma machapisho ya serikali. Kisha mtafute mkutubi anayeyashughulikia. Atakuonyesha sheria na kanuni, ama rafuni ama kwenye govinfo.gov, tovuti ya machapisho ya serikali, na maelekezo ya fomu kwenye uscis.gov, tovuti ya Uhamiaji wenyewe. Kuchapa nakala utalipia kidogo.

Wamarekani hawakufichi sheria zao, ila hawakuiti uje uzisome. Kwetu unaweza kuhangaika kwa Mpigachapa wa Serikali ukitafuta nakala moja ya Gazeti la Serikali, lile linalotangaza sheria. Huku zimejaa tele, na watu wetu wanaendelea kuuziwa vya bure. Hilo linaniuma. Mgeni angeambiwa habari za maktaba siku anayopokea viza.

Narudia: fomu hainunuliwi. Mkutubi naye hatakujazia wala kukupa ushauri wa kisheria. Kazi hiyo ni ya wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Orodha ya wawakilishi hao iko wazi kwa umma. Mwombe mkutubi akufungulie, ulitafute jina la huyo "mtaalamu" wako kabla hujampa hata senti.