Piga hesabu hii kabla ya kufunga turbo

Kabla ya kufunga turbo (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kwenye injini ya petroli ambayo haikutoka nayo kiwandani, chukua baa (kipimo cha shinikizo la hewa) unazotaka kuongeza, jumlisha 1, zidisha kwa uwiano wa mgandamizo wa injini hiyo (mara ngapi pistoni huibana hewa), kisha linganisha jibu na la injini ndugu iliyozaliwa na turbo. Katika injini ya 2JZ ya Toyota ya lita 3, yenye turbo (GTE) ina uwiano wa 8.5 na isiyo nayo (GE) ina 10. Kwa baa 0.7 ya kwanza inapata 14.45 na ya pili 17, kwa hiyo GE ibaki karibu na baa 0.45 ili nayo ifike 14.45 tu. Hewa iliyokwisha kubanwa na turbo hubanwa tena na pistoni, joto hupanda, na mchanganyiko hujiwasha kabla mwali wa plagi haujaufikia: ndiyo ile sauti ya kokoto ndani ya kopo unapokanyaga mafuta mlimani, nayo isipuuzwe hata siku moja, kwa sababu hupasua pistoni. Hesabu hii haipimi joto la hewa inayoingia, hivyo hudanganya pasipo kipoza hewa itokayo kwenye turbo (intercooler), na kwa dizeli haifai kabisa.