Mimea inayosafisha maji ya tangi la samaki

Wenzangu wa Kampala na Entebbe mnaofuga samaki wa mapambo: maji yakigeuka kijani na vioo vikiota mwani, msikimbilie dawa. Kinyesi na mabaki ya chakula huacha nitrati na fosfeti, na mwani hushibia hapo. Uleteeni mshindani: mmea unaokula virutubisho hivyo hivyo. Mimi naipenda zaidi pistia, ile inayoelea kama kabichi ndogo. Majani yake huvuta kabonidioksidi moja kwa moja hewani, ndiyo maana hukua haraka kuliko mimea mingi iliyozama, na mizizi yake mirefu huwa maficho mazuri ya vifaranga vya samaki. Seratofilamu, yenye vijani vyembamba, haina mizizi kabisa; iacheni ielee tu.

Ila lazima mvune. Virutubisho hutoka tangini pale mmea wenyewe unapotolewa. Jani likiozea humo, vyote vinarudi majini. Acheni kama nusu ya uso wa maji wazi. Mlichovuna kitieni kwenye mboji, kamwe msikitupe mtaroni wala kinamasini: gugu maji limeshalitesa Ziwa Victoria na Kyoga vya kutosha. Na chakula, toeni kile samaki wanachomaliza kwa dakika mbili.