Kuchambua vipimo vya protini kwa simu ukiwa mbali na maabara

Simu haifai kuandikia ripoti ya mwisho. Inafaa kuamua mapema: kipimo kikubaliwe au kirudiwe? Kwa kipimo cha Bradford, ambacho rangi yake hugeuka buluu kadiri protini inavyozidi, uamuzi huo hausubiri kesho, kwa sababu rangi yake ikishapita saa moja hivi haiaminiki tena. Nitatumia kipimo hicho kama mfano, pamoja na programu ya Majedwali ya Google. Programu nyingine ya majedwali nayo itafanya kazi hii.

1. Pokea faili, si picha

Aliyeko maabara atoe absobansi (kiasi cha mwanga uliofyonzwa) ya nanomita 595 kwenye mashine kama faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kisha aliweke kwenye folda ya pamoja ya mtandaoni. Picha ya skrini ikatae. Utanakili tarakimu kwa kidole, na kidole hukosea. Faili asilia libaki la kusoma tu. Wewe fanyia kazi nakala. Sampuli zikiwa za wagonjwa, majina yao yasiwemo kabisa, namba za sampuli zinatosha.

2. Kagua tarakimu kabla ya kukokotoa

Hapa ndipo wengi huumia. Mashine huandika 0.352, lakini simu iliyowekwa kwa mpangilio wa nchi inayotumia mkato inatarajia 0,352. Namba hugeuka maandishi, au hata tarehe. Dalili yake ni rahisi: namba husimama upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto. Rekebisha eneo katika mipangilio ya faili, kisha ingiza data upya. Tatizo hili si dogo: majedwali yaligeuza majina ya jeni kama MARCH1 kuwa tarehe mara nyingi mno, hadi mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikatangaza kuyabadilisha.

3. Panga jedwali

Lalisha simu kwa upana. Safu A iwe ukolezi wa standadi (sampuli ambazo kiasi chake cha protini kinajulikana) kwa mikrogramu kwa mililita: 0, 25, 125, 250, 500, 1000, kuanzia A2 hadi A7. B, C na D ziwe absobansi za marudio matatu. Kwenye E2 andika fomula hii, kisha iteremshe hadi E7:

=AVERAGE(B2:D2)-AVERAGE($B$2:$D$2)

Hiyo inatoa wastani na kuondoa blanki, yaani standadi ya 0 isiyo na protini, papo hapo. Simu ikikataa fomula zenye mkato katika hatua inayofuata, weka nukta mkato. Rudio moja likiachana sana na wenzake, usilifute kimyakimya. Muulize aliyeshika pipeti.

4. Pata mstari unaounganisha ukolezi na absobansi: mteremko (H1), unapoanzia (H2) na jinsi nukta zinavyoufuata, 1 ikiwa kamili (H3)

H1: =SLOPE(E2:E7,A2:A7)
H2: =INTERCEPT(E2:E7,A2:A7)
H3: =RSQ(E2:E7,A2:A7)

5. Usidanganywe na H3

Tuseme safu E inasoma 0, 0.021, 0.100, 0.191, 0.352 na 0.600. H3 itatoa 0.991, na wengi wangefunga simu wakaenda zao. Kwanza rudisha standadi zenyewe kwenye mstari. F2, iteremshwe hadi F7:

=(E2-$H$2)/$H$1

Standadi ya 25 inarudi ikiwa chini ya 1! Ya 250 inarudi 284. Sababu ni kwamba Bradford hujipinda ukolezi unapopanda, kwa hiyo standadi ya 1000 inauvuta mstari mzima upande wake. Iondoe: badilisha 7 kuwa 6 katika H1, H2 na H3. Sasa 25 inarudi 21, 250 inarudi 263 na 500 inarudi 492. Mimi hukubali tofauti ya hadi asilimia 15, na 20 kwa standadi ya chini kabisa, kigezo nilichoazima kwa wachambuzi wa dawa. Andika kando kwamba umeiondoa na kwa nini.

6. Sampuli

Sampuli zifuate chini kwa mpangilio uleule na fomula zilezile za E na F, kisha zidisha F kwa kiasi ulichozimua. Angalizo moja: absobansi ya sampuli ikizidi 0.352, iko nje ya mstari wako. Usiupanue mstari kwa kukisia. Sampuli izimuliwe na kupimwa tena, pamoja na standadi mpya.

7. Tuma uamuzi

Usimtumie mwenzako jedwali tupu ukamwachia kazi ya kukisia unachotaka. Mimi huandika hivi: “Mstari umekubaliwa, 0 hadi 500. Standadi ya 1000 imeondolewa. Sampuli 4 na 9 zimezidi, zimua moja kwa tano urudie leo. Sampuli 6, rudio la pili liko mbali. Kuna kiputo kwenye kitundu hicho cha sahani?”