Somo: Kuchagua injini na giaboksi ya otomatiki kwa gari la spoti la kujiundia nyumbani

Somo hili linamhusu mtu ambaye tayari ana chesisi ya mabomba, au walau michoro yake, ya gari dogo la wazi la watu wawili, lenye injini mbele na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wengi huanza kwa kuuliza ni injini gani yenye nguvu zaidi, wakainunua, ndipo wakaanza kuhangaika kutafuta giaboksi ya kuifuata, na magari yao mengi yanaishia uani chini ya turubai. Ushauri wangu ni kwamba injini, giaboksi, kompyuta na wayaringi yake yote vitoke kwenye gari moja, na vinunuliwe siku moja.

Hatua ya kwanza: pima nafasi kabla ya kupima nguvu.
Tengeneza sanduku la mbao laini lenye urefu, upana na kimo cha injini pamoja na giaboksi, ulitumbukize ndani ya chesisi, kisha ukae kwenye kiti na kunyoosha miguu. Giaboksi ya otomatiki ni nene kuliko ya kawaida hasa pale mbele inapokaa konveta (bakuli lenye mafuta linalopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi), na unene huo huangukia palepale unapotaka kuweka pedeli. Angalia pia sampu ya injini, yaani bakuli la mafuta la chini: iwapo kina chake kiko mbele na chesisi yako ina bomba la kukatisha hapo, utalazimika kuikata sampu au bomba, na mimi ningekata sampu.

Hatua ya pili: chagua injini.
Kwa sisi tunaotegemea injini za mtumba kutoka Japani, Toyota ndiyo njia nyepesi. 3S-GE ya Altezza, yenye silinda nne na lita 2.0, ni fupi na inafaa chesisi ndogo. 2JZ-GE ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.0, ni ngumu kuua, lakini ni ndefu na bloku yake ni ya chuma, kwa hiyo uzito mwingi hukaa mbele. 1UZ-FE, ile V8 ya lita 4.0 iliyoanza na Lexus LS 400 mwaka 1989, ina bloku ya alumini na ni fupi kuliko watu wanavyodhani, ingawa ni pana na mabomba ya moshi yatakusumbua karibu na shafti ya usukani. Mmarekani Carroll Shelby, dereva wa zamani wa mbio za magari, alipotia V8 ya Ford kwenye gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza mwaka 1962, injini aliyoichagua nayo ilikuwa fupi na nyepesi kwa ukubwa wake. Pakiwa na nafasi ya upana, mimi nachukua 1UZ.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya difu.
Difu ni gia za ekseli ya nyuma, na hapa ndipo gari hufaulu au huharibika. Chukua A340E, giaboksi ya gia nne iliyofungwa kwenye magari mengi ya 2JZ-GE. Gia ya kwanza ni 2.804, ya pili 1.531, ya tatu 1.000 na ya nne 0.705. Tairi la 205/50 R16 lina kipenyo cha takriban milimita 611, hivyo mzunguko wake mmoja ni kama mita 1.92, na kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 868 kwa dakika. Zidisha kwa difu ya 3.9, kisha kwa 0.705, upate takriban mizunguko 2,390 kwa dakika kwenye injini, konveta ikiwa imejifunga, yaani haitelezi. Ukitumia difu ya 3.27 unapata kama 2,000. Gari la kilo 900 lenye lita 3.0 halihitaji difu fupi, yaani yenye namba kubwa kama 3.9. Ukiiweka, gia ya kwanza itakwisha kabla hujavuka makutano na matairi yatateleza bure.

Hatua ya nne: funga konveta kwa mkono, si kwa bolti.
Konveta isukumwe ndani huku ikizungushwa, nawe utaisikia ikizama kwa hatua, “tuk”, kisha “tuk” tena, hadi meno yake yashike pampu ya mafuta. Baada ya hapo giaboksi lazima ikutane na injini kwa kusukumwa na mikono tu. Giaboksi yangu ya kwanza ilibaki na mwanya wa kidole kimoja. Nikauvuta kwa bolti, na pampu ikapasuka kabla gari halijawaka hata mara moja.

Hatua ya tano: waya na mafuta.
Kompyuta inahitaji sensa ya mwendo iliyo mkiani mwa giaboksi, swichi inayoruhusu kuwasha kwenye P na N tu, na taarifa ya taa za breki ili iachie konveta unaposimama. Weka pia kipoza mafuta ya giaboksi mahali penye upepo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimepata giaboksi ya Hilux Surf ya familia hiyohiyo ya A340 kwa bei nafuu. Je, itaingia kwenye 2JZ?
Jibu: Usiinunue, ndugu yangu. Mdomo unaoshikana na injini ni tofauti, na ile ya kuendesha magurudumu manne ina sanduku la ziada nyuma ambalo hulihitaji. Bei yake nafuu utailipa kwa fundi wa kukereza vyuma.

Swali: Nikibadilisha kamshafti, ile shafti inayofungua vali, niweke kali zaidi, itakuwaje?
Jibu: Otomatiki inataka nguvu kutoka chini. Kamshafti kali hulazimisha mzunguko wa injini usiokanyagiwa mafuta upandishwe, na gari jepesi litakuwa linakuvuta kwenye taa nyekundu huku ukilishikilia kwa breki. Isitoshe, mvuto wa hewa unaosaidia breki hupungua.

Swali: Shikamoo mwalimu. Yangu inabadilisha gia kwa kuchelewa na mafuta yananuka kuungua. Fundi anasema giaboksi imekufa.
Jibu: Marahaba. Kabla hujaifungua, angalia waya wa chuma unaotoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) kwenda kwenye giaboksi, kwa maana ndio unaoongoza presha ya ndani. Mtu mmoja akanyage pedeli mpaka mwisho, nawe utazame kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye waya huo: umbali kati yake na ncha ya mpira wa ala ya waya uwe kati ya milimita 0 na 1. Ukiwa umelegea, presha hushuka na klachi za ndani huteleza na kuungua. Rekebisha hilo, badilisha mafuta, kisha endesha taratibu kilomita chache na uyanuse tena.