Isobari: jinsi ya kuichora kwa vipimo vya Mwanza

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Nyegezi, Mwanza, aliniletea ramani yenye isobari zilizobanana kati ya Dar es Salaam na Mwanza, kana kwamba kimbunga kimetua Dodoma. Tatizo lilikuwa hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza, maana. Isobari ni mstari unaounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa wa hewa. Jina limetoka Kigiriki: isos ni sawa, baros ni uzito. Kwenye kemia isobari ni kitu kingine: atomu za elementi tofauti zenye jumla sawa ya protoni na nyutroni, kama kaboni-14 na naitrojeni-14.

Hatua ya pili, chukua vipimo vya saa ileile. Kwetu mgandamizo hufika kilele karibu saa nne, asubuhi na usiku, na hushuka karibu saa kumi, alfajiri na jioni.

Hatua ya tatu, peleka kila kipimo kwenye usawa wa bahari. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, kwa hiyo baromita, chombo cha kupimia mgandamizo, husoma karibu hektopaskali 888 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo), wakati Dar es Salaam ni kama 1,013. Ukiziunganisha hivyo hivyo umechora mwinuko wa nchi, si hali ya hewa. Tafuta joto la wastani la hewa kati ya kituo na usawa wa bahari. Kituoni kukiwa na nyuzi 24, ongeza 4, maana hewa ya chini ina joto zaidi, upate 28, yaani Kelvini 301 ukijumlisha 273. Zidisha 301 kwa 29.27, namba isiyobadilika ya hewa kavu, kisha gawa 1,140 kwa jibu hilo: 0.1294. Kwenye kikokotoo tafuta e (namba 2.718 hivi) kwa kipeo cha 0.1294, upate 1.1381. Zidisha kwa 888: karibu 1,011. Sasa Mwanza na Dar zinalinganishika.

Lakini uliza kwanza kipimo kimetoka wapi. Baromita ya simu husoma mgandamizo wa hapo ulipo. Ramani za hali ya hewa huwa zimeshasahihishwa. Ukisahihisha mara mbili utapata 1,150, namba isiyopatikana duniani. Baromita ya ukutani huenda fundi ameshairekebisha isome mgandamizo wa usawa wa bahari, basi ilinganishe na kituo kabla ya kuiamini.

Hatua ya nne, chora kila baada ya hektopaskali 2. Zile 4 za ramani za Ulaya ni pana mno kwetu. Tumia penseli laini, si programu, maana mkono hukulazimisha kufikiri kila pengo. Mistari haikatani.

Usikisie mwelekeo wa upepo kwa isobari hizi. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha kuufuatisha mistari. Mchana fuata upepo utokao ziwani.