Vana ya tanki iache wazi: kupima tiyo ya shamba kisha baridi kupita

Bandugu balimi ba Lubumbashi, mwaka huu tena nimezunguka mashamba ya mabondeni upande wa Kafubu na nimekuta kosa lilelile, njo maana naandika. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imepita, kila mutu anataka kupanda tomati na shu za mwezi wa nane, basi anajaza tanki jioni, anafunga vana ya chini ya tanki, analala, asubui anaangalia, mayi iko palepale. Anafurahi, anasema tiyo yake iko muzima.

Muzee, umepima tanki. Tiyo haujaipima. Ile vana uliyofunga njo ilikata mayi isifike kwenye tiyo, sasa tiyo ingevuja nini? Mama mumoja alipima vile, akapanda, mwezi wa tisa joto likaanza akawa ananunua esansi ya pompi kila siku na tanki haifiki asubui, anashitaki wezi. Tundu lilikuwa metre 4 tu toka tanki, chini ya bulongo. Na usiniambie "ningeona bulongo imelowana", maana bulongo ya kipwa, wakati mvua hainyeshi, inakunywa mayi kama mutu aliyetoka safari, juu inabaki vumbi. Tundu la milimetre 2 chini ya tanki iliyo juu metre 3 linatoa karibu lita 50 kwa saa. Tanki ya lita 1000 haimalizi siku.

Sasa fanya hivi. Vana ya tanki WAZI. Unafunga mwisho wa tiyo: bushoni zote (vifuniko vya mwisho wa tiyo), robine zote, na vana za mistari ya matone kama uko nazo, maana zile zinatoa mayi kwa kazi yake na zitakudanganya. Pompi uizime, na ile tiyo inayojaza tanki uifunge kabisa, kama kuna floteri (kile kinachoelea na kufungua mayi tanki ikishuka) ifunge kwa kamba, la sivyo usiku itarudisha mayi iliyopotea na wewe hautajua kitu. Fungua bushoni moja ya mwisho kidogo hewa itoke mpaka mayi ije bila kutematema, kisha funga. Funika tanki.

Saa ya kuweka alama ni saa kumi na mbili jioni, si saa tisa! Mutu anaweka alama jua likiwa kali, tiyo ina moto, imevimba, usiku inajikaza na hesabu inaharibika. Ngojea jua lishuke, piga mustari kwa marikeri pale mayi inapofika, rudi saa kumi na mbili asubui na rula. Rula, si kidole. Ile tanki ya plastiki ya kona ine yenye kuzungukwa na chuma, santimetre 1 ni karibu lita 11. Ikishuka milimetre 2 ao 3, panda. Ikipita santimetre 1, kuna fasi inavuja, na usiku wa pili unapima vilevile lakini unafunga pia vana ya katikati ya shamba: mayi ikiacha kushuka, shida iko ngambo ya vana ile, ikiendelea iko upande wa tanki. Bila vana ya katikati, nunua moja, ni bei ndogo kuliko esansi ya wiki.

Kwa nini baridi inaharibu wakati huku mayi haigandi ndani ya tiyo sawa vile Ulaya, kule barafu inavimba karibu asilimia 9 na kupasua chuma? Huku tiyo inajifupisha. PVC ya metre 50 iliyolala juu ya bulongo, jua likiipasha muchana na usiku ikipoteza digri 20, inapungua karibu santimetre 7, na zile santimetre inazivuta kwenye koude (pale tiyo inapokunja kona) na kwenye viungo, kila usiku, miezi miwili. Njo maana unaanza kutafuta kwenye koude na pale tiyo inapotoka bulongoni. Halafu fasi panya alitafuna. Halafu fasi moto wa pori ulipita, maana jirani anachoma majani yake na haulizi mutu: tiyo ikiwa imelainika, inang'aa ao imebonyea, kata santimetre 10 kila upande wa pale penye kuungua, usifunge na mupira wa baiskeli.

Kiungo kipya cha PVC kipanguse, kisugue na karatasi ya musasa, paka kole pande zote mbili, sukuma huku unazungusha kidogo, shikilia sekunde 30. Kisha masaa 24 bila mayi. Si moja, si "imekauka nimeigusa". Tefloni, ule utepe mweupe wa kuzuia kuvuja kwenye nyuzi za kiungo cha kukaza, inazungushwa kwa upande ule unaokaza, ukiizungusha kinyume inajitoa yenyewe ukikaza. Na mufereji uliochimba kufikia tiyo usiuzibe mpaka umepima usiku mwingine.